Dume au jike? Namna ya kutafuta alama ya vinasaba ya jinsia kwa perege wa bwawani

Mama mmoja wa upande wa Sabaki alinialika siku ya kuvua bwawa lake. Alikuwa ametia vifaranga mia tano vya perege, akawalisha miezi saba, na kichwani alikwisha kuwauza wote. Wavu ulipovutwa ukingoni ulikuwa mzito kweli, vijana wakaanza kushangilia. Kisha tukaona kilichomo: samaki wa urefu wa kidole, maelfu kwa maelfu, na wakubwa wa kutia kwenye mizani hawajai ndoo mbili. "Mwanangu," akaniuliza, "hawa nani kawaleta?"

Hakuna aliyewaleta. Perege jike huanza kutaga akiwa na miezi mitatu au minne tu, na akitaga huyabeba mayai mdomoni, siku hizo hali chakula. Kwa hiyo yeye mwenyewe hadumu kukua, na wanawe wanagombea chakula na wenzake. Dume hana kazi hiyo, chakula chake kinakwenda kwenye nyama. Ndiyo sababu kila mfugaji anataka bwawa la madume matupu, na ndiyo sababu watu wanahangaika kumjua dume mapema, angali kifaranga, kabla maumbile hayajajionyesha.

Njia za kienyeji zipo. Perege akifika gramu 30 au 40 unamgeuza tumbo juu, unapaka rangi kidogo nyuma ya mkundu, unahesabu matundu. Dume ana mawili, mkundu na tundu moja la mkojo na mbegu kwenye ncha ya kijichuchu. Jike ana matatu, kwani njia yake ya mayai imetengana na ya mkojo. Kwa mwenye bwawa moja hii inatosha kabisa, na nisingemshauri asome zaidi ya hapa. Yafuatayo ni kwa anayezalisha vifaranga vya kuuza, kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, na kwa kikundi cha wafugaji chenye mtu wao maabara.

Alama ya vinasaba ya jinsia ni kipande cha DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo mwilini mwa kiumbe, ambacho dume anacho na jike hana, au wote wanacho lakini kimeandikwa tofauti. Ukishakipata, unakata kijipande cha pezi, unakipima, na unajua. Kazi ni kukipata.

Jua kwanza samaki wako anarithi jinsia vipi

Hapa ndipo wengi wanapopotea kabla hata hawajaanza. Sisi binadamu jinsia yetu inakwenda na kromosomu, nyuzi zinazobeba DNA: jike ni XX na dume ni XY, basi tunadhani viumbe vyote viko hivyo. Samaki hawako hivyo. Perege wa Nile, yule anayefugwa zaidi duniani katika ukoo wake, ni XX na XY kama sisi. Perege wa Msumbiji vilevile. Lakini perege wa buluu wa kaskazini, na perege wa Mto Wami kule Tanzania, wao mambo ni kinyume: dume ana kromosomu mbili zinazofanana, ZZ, na jike ndiye mwenye mbili tofauti, ZW.

Huyu wa Wami ana kisa kinachotuhusu watu wa pwani. Ukoo wake uliokuwa Zanzibar ulipelekwa hadi Malacca, katika Malaysia ya leo, na huko mtafiti Hickling akampandisha dume wa Zanzibar kwa jike wa Msumbiji. Watoto wote wakatoka madume. Alichapisha habari hizo mwaka 1960. Ukijua kanuni, si muujiza: baba ZZ hana cha kutoa ila Z, mama XX hana cha kutoa ila X, kila mtoto ni XZ, na kwa hao XZ hukua dume. Kwa hiyo ukitafuta alama kwa samaki wa ZW, unatafuta kitu walicho nacho majike na madume hawana. Ukiitafuta alama ya dume utakesha.

Kambare wa Kiafrika ni mtihani zaidi, maana kwake zimeripotiwa njia zote mbili, XY na ZW. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, usianze na kambare.

Na wako ambao hawana alama ya kutafutwa. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa wao hugeuka madume. Samaki yuleyule, DNA ileile, jinsia mbili kwa nyakati tofauti. Wavuvi wa Malindi waliposikia kwamba natafuta "kipimo cha dume na jike" waliniletea chewa, nikawashukuru na tukamla. Mwatiko, yule anayefugwa kwenye mabwawa ya chumvi ya Ngomeni, ni dume au jike maisha yake yote, na kwa macho humtambui kirahisi. Lakini mfugaji wa mwatiko humvua kabla hajabaleghe, maana kubaleghe kwake huchukua miaka mitano hivi, na vifaranga wake huokotwa pwani maji yakitoka. Jinsia haimkoseshi usingizi. Alama ya mwatiko itamfaa yule anayetaka kufuga wazazi na kuzalisha mwenyewe. Kwa sasa mwenye haja ni wa perege.

Hata ndani ya perege wa Nile pana mtego. Ukoo wa Stirling, unaolelewa Uskoti na ulitoka Ziwa Manzala la Misri, alama zake za jinsia ziko kwenye kromosomu ya 1. Ukoo mwingine wa perege huyohuyo, ambao watafiti wa China waliuchunguza na kuchapisha mwaka 2015, jeni (kipande cha DNA chenye kazi yake) inayoamua udume iko kwenye kromosomu ya 23. Jeni hiyo inaitwa amhy, nakala ya ziada ya jeni ya amh iliyokaa upande wa Y. Yaani aina moja ya samaki, nchi mbili, majibu mawili. Sasa fikiria vifaranga vinavyouzwa huku kwetu, ambavyo hujui babu yao alitoka Turkana, Victoria au Misri, na njiani amechanganyika na nani. Uliza asili. Ukijibiwa "ni tilapia tu, kaka", andika hivyohivyo kwenye daftari, ujue una kazi.

Jambo jingine la huku kwetu: Mto Sabaki una perege wake wa asili, Oreochromis spilurus, ambaye huvumilia maji ya chumvi kuliko wa Nile. Perege wa aina mbalimbali huzaana wao kwa wao bila haya. Usimwage samaki wa majaribio mtoni, wala usijenge bwawa ambalo mvua kubwa ikija litaungana na mto.

Karatasi kabla ya makasi

Hili nalipita haraka, lakini usilipite wewe. Kwa Kenya utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kuchukua rasilimali za kijenetiki kunatawaliwa na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2006. Kama DNA yenyewe itavuka mpaka kwenda kusomwa nje, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umetiwa saini kabla ya safari. Anza miezi kadhaa mapema.

Tengeneza familia zako mwenyewe

Usiende sokoni kununua samaki hamsini ukaanza kukata mapezi. Wale hujui walikotoka, na mbaya zaidi, hujui kama walilishwa homoni. Wazalishaji wengi huwapa vifaranga chakula kilichochanganywa na methyltestosteroni, homoni ya kiume, kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28 za mwanzo. Kifaranga wa XX akilishwa hivyo hukua dume: korodani anazo, umbo la dume analo, lakini DNA yake ni ya jike. Ukimtia huyo kwenye kundi lako la madume ameshakuharibia hesabu.

Yamenipata. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua vifaranga kwa mzalishaji aliyeniapia kuwa ni wa mchanganyiko, hawajaguswa. Nikawafuga miezi minne. Nilipowapasua, katika sitini majike walikuwa wanne. Hata asiyejua hesabu angejua kwamba hapo pana dawa.

Kwa hiyo zalisha mwenyewe. Tia dume mmoja na jike mmoja kwenye kizimba cha wavu wenye matundu madogo, ndani ya bwawa au tangi. Jike akishashika mayai mdomoni utamwona shavu limejaa na taya limeshuka kama mtu aliyetia tambuu. Mtoe dume. Vifaranga wakianza kuogelea, wape tangi lao na namba ya familia yao. Pata familia tatu kwa uchache, za wazazi wasio ndugu. Kata pezi la baba na la mama pia, siku hiyohiyo, kabla hawajafa wala kuibwa.

Angalia joto. Kifaranga wa perege wa Nile akikaa kwenye maji ya nyuzi 36 au zaidi katika siku za mwanzo, kuanzia siku ya kumi hivi baada ya mayai kurutubishwa, baadhi ya walio XX hugeuka madume wenyewe bila homoni yoyote. Kwa watu wa Nairobi hiyo ni habari ya kusoma. Kwetu, msimu wa kaskazi, Februari saa nane mchana, beseni jeusi lenye maji ya kina cha shibiri lililoachwa juani linafika huko bila kuombwa. Weka matangi kivulini, chini ya makuti, maji yawe na kina, na kipimajoto kisomwe asubuhi, mchana na jioni. Lenga nyuzi 27 au 28.

Jinsia ya kweli inaonekana kwa kisu

Alama yako haitakuwa na ukweli kuliko daftari lako la jinsia. Ukikosea samaki watano kati ya sitini, kompyuta itakutafutia alama inayoeleza makosa yako. Ndiyo maana kwa familia za utafiti sitegemei matundu, napasua.

Ngoja samaki wafike miezi mitatu hivi. Wauwe kwa upole kwa kuzidisha dawa ya usingizi. Mafuta ya karafuu yanafaa sana na sisi tunayo tele, ila hayachanganyiki na maji: yayeyushe kwanza kwenye spiriti, kisha ndiyo umimine kwenye ndoo. Kumlaza tu samaki ili umkate pezi, miligramu 50 hivi kwa lita zinatosha.

Pasua kuanzia mkunduni kwenda mbele, funua ukuta wa tumbo, sogeza utumbo pembeni. Juu kabisa, chini ya mfuko wa hewa, utaona nyuzi mbili zinazokwenda sambamba. Kwa samaki mdogo ni nyembamba kama tambi iliyochemshwa. Chomoa kipande kwa kibanio, kiweke kwenye kioo, dondoshea tone la rangi ya asetokarmini, funika kwa kioo kingine na ubonyeze kwa kidole gumba. Kwenye hadubini ya kawaida ya shule utaona jibu. Ovari imejaa vijiduara, kila kimoja na kiini chake katikati, kama shanga zilizomwagika. Korodani haina vijiduara. Ni chengachenga, kama unga wa muhogo ulioloana. Ukiona vyote viwili kwenye samaki mmoja, mwandike pembeni na usimtie kwenye hesabu. Wapo.

Watu wawili wasome, kila mmoja na karatasi yake, halafu mlinganishe.

Kukata pezi na kuandika

Kijipande cha ncha ya mkia, ukubwa wa punje ya mchele, kinatosha. Samaki aliye hai hakimdhuru, pezi huota tena. Baina ya samaki na samaki futa makasi kwa spiriti na uyapitishe kwenye moto, la sivyo DNA ya wa kwanza itasafiri hadi kwa wa mwisho. Kipande kinakwenda kwenye kichupa cha plastiki chenye ethanoli ya asilimia 95. Ethanoli iwe nyingi kuliko nyama, na baada ya siku moja uibadilishe, maana maji ya kwenye nyama huizimua.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Andika kwa penseli, kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachoingia ndani ya kichupa. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye spiriti. Niliwahi kufika Mombasa na kasha la vichupa themanini, nikafungua, na kila kimoja kilikuwa na maji ya rangi ya zambarau hafifu na kifuniko cheupe. Kazi ya miezi minne. Nilikaa kwenye kibaraza cha maabara nikanywa soda baridi, kisha nikarudi Malindi kuanza upya.

Kwenye ethanoli sampuli hazina haraka ya barafu, zinahimili siku kadhaa za safari. Lakini ethanoli inawaka moto, na dereva wa matatu ana haki ya kujua amebeba nini. Kabla ya kusafiri mwaga iliyozidi, acha ya kulowesha tu.

Kutoa DNA

Kuna viwango viwili vya usafi, na usilipie ule usiouhitaji. Kwa kipimo cha kawaida cha PCR, kile kinachonakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi hadi kionekane, chemsha kijipande cha pezi kwenye soda kali ya maabara (NaOH) iliyozimuliwa sana kwa nyuzi 95, nusu saa, kisha itulize kwa kimiminika cha Tris, kinachopunguza ukali wake. Ni bei ya chai. Haidumu miaka, lakini inafanya kazi.

Kwa kusoma jinomu nzima, yaani DNA yote ya samaki, utataka DNA safi na ndefu. Njia ya chumvi inatosha: nyama inayeyushwa usiku kucha na kimeng'enya cha kula protini kwenye nyuzi 55, chumvi inaangusha protini, isopropanoli baridi inaikusanya DNA, ethanoli ya asilimia 70 inaiosha. Ipitishe kidogo kwenye jeli yenye umeme, ambayo huipanga DNA kwa urefu, uione: mstari mmoja mzito juu ni heri, ukungu unaoshuka mpaka chini ni DNA iliyokatikakatika, irudie.

Kutafuta

Anza na rahisi. Kama samaki wako ni wa Nile, jaribu kwanza praima za jeni ya amh zilizokwisha kuchapishwa; praima ni vijipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR pa kunakili. Nakala za upande wa Y zina sehemu zilizokatika au kuongezeka, kwa hiyo kwenye jeli dume huonyesha mstari ambao jike hana. Jaribu kwa madume kumi na majike kumi wa kila familia. Zikilingana na daftari lako umeokoa fedha nyingi. Zisipolingana hujafanya kosa. Huenda samaki wako ni wa kromosomu ya 1, au ni machotara.

Hapo ndipo unapokwenda kwenye njia ya pili, kusoma jinomu. Ya gharama nafuu ni kuchanganya: DNA ya madume 30 au zaidi kwenye kichupa kimoja, ya majike idadi hiyohiyo kwenye kingine, na vyote viwili vinasomwa. Kila samaki achangie kiasi sawa kabisa. Tumia kifaa kinachopima kwa mwanga wa rangi, si kile kinachopima DNA na uchafu pamoja. Samaki mmoja akizidi, wenzake hawasikiki. Maabara ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi ina mashine za kazi hii. Kwa walio Kilifi, anzeni kwa kugonga mlango wa Chuo Kikuu cha Pwani na mwulize nani anaweza kuwaongoza.

Njia nyingine ni kumsoma kila samaki peke yake, lakini sehemu tu za jinomu, zile zilizo jirani na mahali kimeng'enya fulani kinapokata. Inaitwa RAD, na programu ya RADSex imetengenezwa kwa swali letu hasa: kipande gani kinapatikana kwa jinsia moja tu? Kuchanganya ni nafuu, RAD inakuachia kila samaki na jina lake. Ningekuwa na fedha za moja tu, na daftari la jinsia nisiloliamini sana, ningechukua RAD, kwa sababu samaki aliyeandikwa vibaya utamwona amesimama peke yake. Kwenye mchanganyiko anazama humo na humjui.

Ukipata data ya mchanganyiko, unatafuta nini? Kwa samaki wa XY, tafuta mahali ambapo majike wote wana herufi moja, tuseme A, na kwa madume nusu ya visomo, yaani vipande vilivyosomwa na mashine, ni A na nusu ni G. Nusu kwa nusu, kwa sababu dume ana X yenye A na Y yenye G. Mahali pamoja hapatoshi. Tafuta mtaa mzima wa sehemu kama hizo kwenye kromosomu moja. Kwa samaki wa ZW geuza: nusu kwa nusu iwe kwa majike.

Na kuna shimo ambalo limewameza wataalamu. Jinomu rejea ya perege wa Nile, yaani ramani ya kulinganishia visomo, inayotumiwa na wengi imesomwa kutoka kwa samaki jike, XX. Maana yake kipande kilichoko kwenye Y peke yake hakina mahali pa kukaa kwenye ramani hiyo, na programu yako itakitupa kama takataka. Visomo vya madume vilivyokosa pa kukaa usivifute. Viunganishe peke yake, uvitazame.

Bahati nasibu

Chukua familia moja, madume 5 na majike 5. Kila mahali ambapo baba ana herufi mbili tofauti na mama ana moja, mtoto hupokea kwa baba hii au ile, kama sarafu iliyorushwa. Mahali pasipohusiana na jinsia kabisa panaweza kwa bahati tu kuwapanga madume wote upande huu na majike wote upande ule. Uwezekano wake ni 1 kwa 512. Unaonekana mdogo. Lakini kama una sehemu 50,000 za namna hiyo, karibu mia moja zitakudanganya, tena kwa makundi, maana majirani kwenye kromosomu hurithiwa pamoja. Utapiga vigelegele bure.

Ongeza wawe 10 kwa 10, uwezekano unakuwa 1 kwa 524,288, na karibu uongo wote unakwisha. Samaki kumi zaidi wanagharimu chakula cha wiki chache. Sijui kwa nini watu hubana hapo halafu wakatapanya kwenye mashine.

Na hata alama ya kweli, ndani ya familia moja, huvuta kipande kirefu cha kromosomu pamoja nayo. Jirani wa mbali huonekana sahihi kwa familia hiyo, akakosea kwa nyingine. Ndiyo kazi ya zile familia tatu: panapolingana kwa zote ndipo pa kuchimba.

Hakiki kabla ya kutangaza

Tengeneza praima za sehemu uliyoipata na uzijaribu kwa samaki ambao hawakushiriki kwenye utafutaji. Mtu mwingine awape namba za siri, wewe usome jeli bila kujua nani ni nani, kisha ndiyo mfungue daftari.

Kila kipimo kiwe na mstari wa ushahidi, yaani praima za jeni nyingine yoyote ambayo dume na jike wote wanayo. Kama alama yako ni "dume ana mstari, jike hana", basi kipimo kilichofeli nacho hakina mstari, na utamwita jike. Mstari wa ushahidi ukiwepo na wa dume usiwepo, huyo ni jike. Yote miwili isipokuwepo, hujapima kitu, rudia.

Kisha toka nje ya familia zako. Omba mapezi kwa wafugaji wa Gongoni, wa Mambrui, wa Kilifi. Wakipatikana madume wasio na alama yako, uliza kwanza kama walilishwa homoni au walikulia kwenye maji ya moto kabla ya kuilaumu alama. Na kama kweli imekosea kwao, iandike kuwa ni alama ya ukoo wako. Alama ya ukoo mmoja, ambayo umeijua mipaka yake, inafaa kazi ya kituo kimoja vizuri kabisa.

Kazi yake kubwa: dume wa YY

Ukimlisha kifaranga wa XY homoni ya kike hukua jike, lakini DNA ni ya dume. Mpandishe kwa dume wa kawaida wa XY. Katika watoto wanne wa hesabu, mmoja XX, wawili XY, mmoja YY. Huyo YY ndiye lulu, maana akipanda jike wa kawaida watoto wote ni XY, madume, na wao wenyewe hawajaonja homoni.

Shida ni kwamba XY na YY kwa macho ni sawa. Zamani ilibidi kila dume azalishwe, watoto wake wafugwe na kuhesabiwa ndipo ajulikane. Kwa alama ni kipande cha pezi na siku mbili. Ila alama ya "mstari upo au haupo" haikufai hapa, kwa kuwa wote wawili wana Y. Unahitaji ile inayoonyesha X na Y kwa pamoja: XX mstari mmoja wa juu, YY mstari mmoja wa chini, XY miwili. Tofauti ya herufi 30 hadi 50 kwa urefu inasomeka bila taabu kwenye jeli ya asilimia 2. Kwa hiyo unapochagua kati ya alama zako, hiyo iweke mbele hata kama nyingine inang'aa zaidi.

Ukimpata, mpime mara mbili, kwa mapezi mawili yaliyokatwa siku tofauti. Mpe tangi lake lenye namba, na ulifunike kwa wavu pande zote. Perege huruka, na mdiria wa huku hajali ni XY au YY.